Ripoti iliyomdai mfugaji shilingi 90,000: kisa cha kituo cha maziwa Rungwe

Bibi yule alifika dirishani saa tatu asubuhi, tarehe 17 Juni 2023, kadi yake ya maziwa ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Mama mhasibu akampa kikaratasi kilichotoka kwenye printa dakika chache kabla. Bibi akakisoma taratibu, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Mstari wa mwisho ulisema malipo halisi ni -90,000.

"Mwanangu," akaniuliza, maana nilikuwa nimesimama pale kushuhudia kazi yangu ikizinduliwa, "nimeleta maziwa siku kumi na tano, halafu bado nadaiwa?"

Programu ile ya kuhesabu malipo ya wafugaji niliijenga mimi. Naandika kisa hiki chote kwa sababu kosa lenyewe ni la kawaida sana kwa yeyote anayejenga fomu na ripoti kwa kuburuta visanduku kwa mausi, na kwa sababu linaweza kukaa ndani ya ripoti inayopendeza macho bila mtu kuliona.

Kituo kipo kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, upande ambao ukungu wa Juni hauondoki mpaka saa nne. Wafugaji 62 huleta maziwa kwa madumu na ndoo, wengi asubuhi tu, wachache asubuhi na jioni. Ng'ombe wako bandani, wanalishwa mabingobingo na pumba. Pumba na dawa ya minyoo mfugaji huchukua kituoni kwa mkopo, na deni hukatwa kwenye malipo ya nusu mwezi: tarehe 1 hadi 15, kisha 16 hadi mwisho wa mwezi. Kabla yangu hesabu zote zilikuwa kwenye daftari kubwa, ukurasa mmoja kwa kila mfugaji, na mama mhasibu alitumia siku tatu na kikokotoo kila kipindi kabla hajalipa mtu hata mmoja. Waliniita kutoka Mbeya mjini nipunguze siku hizo tatu.

Nilichagua Microsoft Access, programu ya kanzidata, yaani ya kutunza takwimu kwenye majedwali. Ilikuwa tayari kwenye kompyuta yao, na kwa kituo chenye mtu mmoja anayeingiza takwimu inatosha kabisa; faili lake lina kikomo cha gigabaiti 2, na maziwa ya wafugaji 62 hayatafika huko kwa miaka mingi. Tangu ilipotoka mwaka 1992, Access imejengwa kwa wazo moja zuri: majedwali, fomu na ripoti vyote vinakaa mahali pamoja, na mtu anaweza kuchora skrini ya kuingizia takwimu bila kuandika msimbo.

Majedwali yalikuwa matatu ya maana. Wafugaji, wenye namba ya kadi, jina na kitongoji. Mapokezi, yaani kila mara maziwa yanapopokelewa: namba ya kadi, tarehe, zamu, lita, bei ya siku hiyo. Makato: namba ya kadi, tarehe, aina ya kitu alichochukua, kiasi. Mfugaji mmoja ana mapokezi mengi. Mfugaji huyohuyo anaweza kuwa na makato mengi, au asiwe nayo kabisa. Zishike sentensi hizo mbili za mwisho, kwa sababu mimi sikuzishika.

Fomu ya kupokelea maziwa naisimamia mpaka leo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna foleni, mikono ina baridi, na mpokeaji hana muda wa kushika mausi. Kwa hiyo kila kitu kinakwenda kwa kibodi: anaandika namba ya kadi, jina linajitokeza lenyewe pembeni ili alisome kwa sauti, anaandika lita, anabonyeza Enter, rekodi mpya inafunguka. Namba na si jina, kwa sababu huku kwetu majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- yanajirudia, na wapo watu wawili wenye majina yote matatu sawa. Tarehe inajijaza yenyewe kwa siku ya leo. Lita zisizozidi sifuri, au zinazopita 60, fomu inazikataa. Na kwenye jedwali niliweka faharasa isiyoruhusu kadi moja kuingizwa mara mbili kwa tarehe na zamu ileile. Hilo la mwisho lilituokoa siku ya pili tu, mpokeaji alipomwingiza mtu yuleyule mara mbili kwa haraka.

Ripoti ndiyo iliyoniangusha.

Nilifanya kama wengi wanavyofanya. Nilifungua dirisha la kuchora kwerii, yaani swali ambalo programu inaliuliza majedwali. Nikaweka majedwali yote matatu, nikavuta mstari wa namba ya kadi kutoka Wafugaji kwenda Mapokezi, na mwingine kutoka Wafugaji kwenda Makato. Nikachagua safu: jina, tarehe, lita, thamani, aina ya kato, kiasi cha kato. Kisha nikamwita msaidizi wa kutengeneza ripoti aliyemo ndani ya Access yenyewe, nikamwambia apange kwa mfugaji na ajumlishe thamani na makato mwishoni mwa kila mfugaji. Dakika kumi. Ukurasa ukatoka na vichwa vilivyonyooka, jina la kituo juu, na nafasi ya sahihi chini.

Nilijaribu kwa mfugaji mmoja wa kubuni, siku moja ya maziwa, kato moja. Jibu lilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho.

Wiki ya kwanza ya Juni, takwimu halisi zilipoanza kuingia, nilifungua ripoti na nikaona kitu. Kwa baadhi ya wafugaji kila tarehe ilijitokeza mara mbili, mstari chini ya mstari. Kwa wengine tarehe zilikuwa sawa lakini kato moja limeandikwa kila siku. Nikadhani ni tatizo la mpangilio. Access ina sifa kwenye kisanduku cha ripoti ya kuficha marudio: thamani ikifanana na ile ya mstari uliotangulia, haichapishwi. Nikaiwasha kwenye tarehe, lita, aina ya kato na kiasi. Ukurasa ukawa safi. Hata ilipotokea siku mbili mfululizo zenye lita nane na ile ya pili ikabaki tupu, sikusimama kujiuliza.

Sifa ile huficha maandishi tu. Mistari yenyewe ipo, na jumla ya chini inaihesabu yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilichoniumbua ni kadi ya bibi yule.

Turudi dirishani. Mama mhasibu hakuwa amekubali kuliacha daftari. Alisema ataliacha siku atakayoona mwenyewe kwamba vinalingana. Akafungua ukurasa wa bibi. Siku 15, nyingine lita saba, nyingine tisa, jumla lita 120. Bei ilikuwa shilingi 1,000 kwa lita, kwa hiyo mauzo 120,000. Makato mawili: pumba 18,000 na dawa ya minyoo 4,000, jumla 22,000. Alistahili 98,000.

Ripoti ilisema lita 240, mauzo 240,000, makato 330,000.

Nikakaa chini na namba hizo. 240 ni 120 mara mbili. 330,000 ni 22,000 mara kumi na tano. Yaani maziwa yalizidishwa kwa idadi ya makato yake, na makato yakazidishwa kwa idadi ya siku zake za maziwa. Nilipofungua kwerii yenyewe, bila ripoti juu yake, nikachuja kadi ile moja, mistari 30 ilikuwa pale mbele yangu: kila siku ya maziwa imeandikwa pamoja na pumba, kisha siku ileile tena pamoja na dawa.

Access haikukosea. Mfumo wa majedwali yenye mahusiano, ambao Edgar F. Codd wa IBM aliuandika mwaka 1970, unafanya hivyo kwa kanuni: ukiunganisha majedwali kwa namba ya kadi, unapata kila jozi inayokubaliana na sharti hilo. Mapokezi ya tarehe 4 na dawa ya tarehe 9 vina namba ya kadi moja, basi ni jozi halali. Mimi ndiye niliyeweka kwenye swali moja vitu viwili visivyohusiana. Siku ya kuleta maziwa haihusiani na siku ya kuchukua pumba. Vyote viwili vinamhusu mfugaji, lakini havihusiani vyenyewe kwa vyenyewe.

Tukapitia wengine kwa daftari, na hapo picha ikakamilika. Wafugaji 18 wenye makato mawili au zaidi walizidishwa pande zote mbili kama bibi. Wafugaji 21 wenye kato moja lita zao zilikuwa sahihi, ila kato limezidishwa kwa siku: mtu aliyechukua dawa ya 3,000 alikatwa 45,000. Na 23 wasio na kato lolote hawakuwemo kabisa kwenye ripoti. Muunganisho wa kawaida unabakiza tu walio na jozi pande zote, nao hawakuwa na jozi upande wa makato. Waliolipa madeni yao mapema, au wasiokopa kamwe, ndio waliofutika. Hilo liliniuma kuliko lile la bibi, kwa sababu bibi aliona kosa kwa macho yake. Hawa wangekuja dirishani wakaambiwa jina halipo.

Siku hiyo mama mhasibu alilipa kwa daftari, mpaka jioni ya kesho yake. Mimi nilihamia meza ya pembeni na kompyuta.

Nitaeleza pia njia mbili nilizojaribu zikashindwa, kwa sababu ndizo mtu anazozikimbilia kwanza. Ya kwanza nilibadilisha muunganisho uchukue wafugaji wote hata wasio na makato. Wale 23 wakarudi, jambo jema, lakini malipo yao halisi yalitoka tupu, kwa kuwa kutoa kitu kisichokuwepo kutoka 120,000 kunazaa kitu kisichokuwepo. Sifuri na pengo si kitu kimoja kwenye kanzidata. Na bibi aliendelea kudaiwa 90,000.

Ya pili niliwasha chaguo la kwerii la kuondoa mistari inayofanana. Kwa bibi haikubadilisha chochote: mistari yake 30 yote ni tofauti, kila mmoja una jozi yake. Kwa mfugaji mwingine ilifanya baya zaidi. Yeye huleta asubuhi na jioni, na siku moja alileta lita sita mara zote mbili. Kwerii yangu haikuwa na safu ya zamu, kwa hiyo mistari hiyo miwili ilionekana ni mmoja, na lita sita zikatoweka. Nililizima chaguo hilo papo hapo. Mtu anayeondoa marudio bila kujua yametoka wapi anaweza kuondoa maziwa ya watu.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Kabla ya kugusa kwerii yoyote nilichukua karatasi nikaandika juu: mstari mmoja wa ripoti hii ni nini? Jibu: ni mfugaji mmoja kwa kipindi kimoja. Basi kila kinachoingia humo lazima kwanza kifike kikiwa mstari mmoja kwa mfugaji. Nikatengeneza kwerii ya jumla ya Mapokezi peke yake: namba ya kadi, jumla ya lita, jumla ya thamani. Kwerii nyingine ya jumla ya Makato peke yake: namba ya kadi, jumla ya kiasi. Kipindi kikachujwa ndani ya kila moja, kabla ya kujumlisha. Kisha kwerii ya tatu ikaanzia kwa Wafugaji, ikawachukua wote, ikaunganisha na hizo mbili. Mfugaji mmoja, mstari mmoja wa lita, mstari mmoja wa makato au pengo, na pengo likageuzwa sifuri kwa kitendakazi cha Nz.

Lakini mfugaji anataka kuona siku zake, si jumla tu. Hapo ndipo ripoti ndogo ndani ya ripoti kubwa zinapofaa. Ripoti kubwa inasoma ile kwerii ya tatu. Ndani ya eneo la kila mfugaji niliweka ripoti ndogo mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kushoto siku na lita, kulia makato, kila moja imefungwa kwa namba ya kadi upande wa mama, yaani ripoti kubwa, na upande wa mtoto, yaani ripoti ndogo. Haziungani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hazizidishani. Sifa ya kuficha marudio nikaizima kila mahali na sijaiwasha tena kwenye ripoti yenye pesa.

Kikaratasi kipya cha bibi kilitoka: siku 15, lita 120, makato mawili, 98,000. Aliweka kadi yake juu ya meza akapitisha ukucha siku moja baada ya nyingine, kadi na karatasi, mpaka ya kumi na tano. Kisha akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na kukifunga kwenye pindo la kanga.

Malipo ya tarehe 16 hadi 30 Juni yakatoka sawa na daftari bila tofauti hata ya shilingi. Mama mhasibu akaanza kuniamini. Halafu ikaja tarehe 1 hadi 15 Julai, na bibi huyohuyo akaandikiwa lita 360.

Safari hii pia hakuna aliyelipwa kimakosa, kwa sababu jumla ya kituo ilizidi mno maziwa yaliyoondoka na gari la mnunuzi, na mama mhasibu akasimamisha kabla ya kufungua dirisha. Nilidhani uzidishaji umerudi. Nikafungua kwerii ya jumla ya Mapokezi na kuhesabu mistari ya bibi iliyojumlishwa humo: 45. Siku 15 za nusu ya kwanza ya Juni, 15 za nusu ya pili, 15 za Julai. Hakuna jozi yoyote ya ajabu. Kichujio cha tarehe ndicho kilichovuja.

Kwenye fomu ya malipo kulikuwa na visanduku viwili, kuanzia na hadi, na kitufe. Kitufe kilichukua maandishi ya visanduku hivyo na kuyabandika ndani ya kwerii katikati ya alama za reli (#), ndivyo Access inavyotambua tarehe kwenye SQL, lugha ambayo kwerii huandikwa. Kompyuta yetu inaandika siku kwanza, mwezi baadaye. SQL ya Access inasoma tarehe ya namna hiyo kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Basi #01/07/2023# ilisomeka tarehe 7 Januari. Na #15/07/2023#? Hakuna mwezi wa 15, kwa hiyo Access iligeuza kimyakimya na kusoma tarehe 15 Julai. Kipindi chetu kikawa 7 Januari hadi 15 Julai.

Sasa tazama ilivyojificha. Nusu ya pili ya mwezi huanza tarehe 16, namba isiyoweza kuwa mwezi, kwa hiyo kila mara inasomeka sahihi. Nusu ya kwanza ya Juni ilisomeka 6 Januari hadi 15 Juni, kosa lilelile, ila programu ilianza kupokea takwimu tarehe 1 Juni. Hapakuwa na kitu cha nyuma cha kuvuja. Vipindi viwili vizima vilitoa majibu sahihi juu ya kichujio kibovu.

Niliacha kabisa kubandika tarehe kama maandishi. Kwerii sasa zinasoma visanduku vya fomu moja kwa moja kama vigezo vilivyotangazwa kuwa tarehe, na hapo Access inashika thamani yenyewe badala ya herufi zake. Pale ambapo msimbo hauepukiki, tarehe inapitia kitendakazi cha Format na kuandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, mtindo ambao hauna njia mbili za kusomeka.

Kwenye nakala ya majaribio nimeweka wafugaji wanne wa kubuni, na siruhusu ripoti yoyote ifike kituoni kabla haijapita kwao: asiye na kato, mwenye kato moja, mwenye makato mawili, na mmoja ambaye ana maziwa kila mwezi tangu Januari. Kwenye ripoti halisi niliongeza ukurasa wa mwisho wenye mistari mitatu. Jumla ya lita kutoka kwenye ripoti. Jumla ya lita iliyohesabiwa moja kwa moja kwenye jedwali la Mapokezi kwa kipindi hicho, kwa njia isiyopitia kwerii za ripoti. Tofauti. Mama mhasibu aliomba mstari wa nne, lita zilizopokelewa na gari la mnunuzi, anaouandika kwa mkono kutoka kwenye hati zake.

Tarehe 16 Agosti nilikuwepo. Ripoti ya 1 hadi 15 ilitoka, akaanza na ukurasa wa mwisho. Tofauti ilikuwa 0. Akafungua daftari, akachagua kurasa sita bila kuniuliza ni zipi, akalinganisha zote kwa peni nyekundu, kisha akalisogeza pembeni na kufungua dirisha.